Mwanaradi Amefika

Ukitaka ugomvi na Aneth, mwambie Mwanaradi ni katuni tu. Hapo hapo utaona sura inabadilika, na kama alikuwa anakutolea kopi, mashine ataiacha ilie peke yake huku anakupa somo. Wateja wa steshenari ile ya Kibaoni, Ifakara, walishamjua. Walileta vyeti vyao, wakamsalimia, wakanyamaza.

Mwanaradi mwenyewe alikuwa shujaa wa vitabu vya picha, vile vijarida vya karatasi duni vilivyouzwa stendi zamani, ambavyo ukivisoma wino unabaki vidoleni. Baba yake Aneth, marehemu Sylvanus, alikuwa akivinunua kila alipopata likizo kwenye mashamba ya miwa, anamletea binti yake badala ya pipi. Ndani yake kuna mwanamke mrefu, kilemba kichwani, mchi wa kutwangia mkononi. Akitwanga chini mara moja, radi inapiga, naye ameshapaa. Mtu akiwa taabani alipaza sauti: "Mwanaradi, nipo!" Naye popote alipo husikia, hujibu neno moja: "Naja." Na picha ya mwisho ya kila kitabu ni yeye kasimama, mchi begani, anasema: "Nimefika." Hakuwahi kuchelewa. Vitabu vilikoma kuchapwa, mchoraji hajulikani alikoishia, Sylvanus naye akafa. Aneth akabaki na sanduku la bati lenye vitabu vile, na uchungu kwamba watu wamemsahau shujaa wake.

Basi akafungua blogu. Akaiita Kinu, maana mchi bila kinu ni mti tu. Akawa anapiga picha kurasa za vitabu, anazipandisha, anaeleza kila adui wa Mwanaradi na alivyopigwa. Mama yake, Balbina, mwanamke wa kusema, hakuelewa hata kidogo.

"Wenzio wanaletewa posa," alisema, "wewe unaletewa komenti."

"Mama, watu mia nane wanasoma."

"Na katika hao mia nane hakuna hata mmoja mwenye kaka?"

Lakini Kinu kilikua. Wasomaji walijiita Wana-Kinu, wakatoka Mbeya, Moshi, Tabora, hata waliokwenda kufanya kazi Uarabuni. Kilichowaleta hasa kilikuwa mchezo mmoja aliouanzisha Aneth, Mwito wa Jumamosi. Msomaji anaandika shida, anaiandika kama vile imemkuta kwelikweli, anaanza na "Mwanaradi, nipo!" Aneth anajibu kwa sauti ya Mwanaradi, anampa maelekezo, anamalizia "Naja." Jumapili asubuhi anaandika jinsi shujaa alivyokuja na kuokoa, anafunga na "Nimefika." Sheria ilikuwa moja. Ukishaingia kinuni, hutoki. Hakuna kuuliza kama ni kweli, hakuna kusema ni mchezo. Anayetoka anachekwa.

Na aliyewahi kuchekwa kuliko wote, nani? Aneth mwenyewe. Mwaka uliopita Oliva wa Mbeya aliandika kwamba wezi wanavunja mlango wake, tena akaandika vizuri mno, na Aneth akashikwa na woga akamjibu: "Oliva, ni kweli? Piga simu polisi!" Loo! Walimcheka mpaka mvua zikaisha. Wiliam wa Moshi, yule aliyejifanya hakimu wa mambo yote ya Mwanaradi, aliandika: "Shujaa ameuliza kama ni kweli. Mchi umevunjika." Aneth alilia, usiseme. Akajiapiza kwamba hatauliza tena.

Katika Wana-Kinu kulikuwa na mmoja aliyejiita Mwinga Ndege. Hakuwa na maneno mengi. Aliandika akiwa shambani anakolinda mpunga usiliwe na ndege: leo kwelea wamekuja kama wamealikwa, leo nimerusha mawe mpaka mkono umevimba, leo nimesoma tena kile cha Mwanaradi na mganga mwongo. Alikuwa wa kwanza kukomenti karibu kila siku. Aneth alimpenda bila kumjua. Kichwani alimchora kama mzee mseja mwenye ndevu, mbishi, anayekula ugali kwa dagaa huko mbugani. Hakuwahi kumuuliza jina wala kijiji, kwa sababu kinuni hawaulizani.

Wiki ile mvua ilinyesha kama imetumwa. Mto Lumemo ulitoka nje ya kingo, maji yakaingia nyua za Kibaoni, watu wakapandisha magunia ya mpunga juu ya vitanda na wao wakalala sakafuni. Kila aliyeingia steshenari alikuja na habari: daraja fulani limekatika, mashamba ya mbugani hayaonekani. Aneth alisikia yote. Hapa ndipo mtu unapotaka kumshika masikio, maana alisikia yote, na Jumamosi ilipofika alichowaza ni kwamba mvua hii ingefaa kwenye hadithi.

Alasiri ile umeme ulikuwa umerudi kidogo. Akafungua Kinu kwenye kompyuta ya ofisi. Mwito ulikuwa umeshafika.

"Mwanaradi, nipo! Niko juu ya dungu na bibi. Maji yamepita kipago cha pili cha ngazi. Bibi ana homa anatetemeka. Tushuke tufuate tuta au tukae? Mwinga Ndege."

Moyo wake uliruka. Huo ndio ukweli, na usimnyime haki yake: uliruka. Dungu alilijua, kila mtu wa bonde lile analijua, kile kichanja cha miti kinachosimamishwa katikati ya mpunga ili mlinzi akae juu, ndege na nguruwe awaone mbali. Alishaanza kuandika. Aliandika "Uko wapi", kidole kikiwa kinatafuta alama ya kuuliza, ndipo chini yake ikatokea komenti ya Wiliam.

"Huu ndio mwito, jamani! Kipago cha pili, mpaka nasikia baridi huku Moshi. Tuone kama leo shujaa atauliza ni kweli."

Wenzake wakafuatia kucheka. Aneth akafuta alichoandika. Masikio yalikuwa yanamwaka moto kwa aibu ya mwaka jana. Akavuta kiti, akaandika jibu zuri kuliko yote aliyowahi kuandika.

"Nimekusikia. Usishuke, mlinzi wa mpunga, maji hayo yana meno usiyoyaona. Mfunge bibi kwa kanga kwenye nguzo asiporomoke. Adui zangu hujigeuza wasamaria; atakayekuita ushuke, mwambie unafuatwa. Kaa hapo hapo. Naja."

Lile la adui kujigeuza msamaria alilitoa kwenye kitabu cha nne. Wana-Kinu walilitambua, wakashangilia. Wiliam mwenyewe akaandika, "Leo mchi umetwanga." Aneth alirudi nyumbani akivuka maji kwa miguu, viatu mkononi, anacheka peke yake. Alilala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Jumapili kabla ya misa akamalizia kwenye simu. Akaeleza jinsi Mwanaradi alivyokuja juu ya maji meusi, akaling'oa dungu zima kama mtu anayechuma uyoga, akalitua mahali pakavu, bibi akapewa uji wa moto. Akafunga: "Nimefika." Sifa zikamiminika, tena safari hii watu wakaanza kuitumatuma kwenye magrupu yao. Mwinga Ndege peke yake hakusema kitu. Aneth akadhani bando limemwishia.

Jumatatu jioni Balbina alirudi akiwa ananuka moshi. Wanawake wa jumuiya yao walikuwa zamu ya kupikia watu waliokimbia mafuriko, waliohifadhiwa kwenye shule ya msingi. Akakaa kwenye kigoda, akajisugua magoti.

"Leo nimeona makubwa," alisema. "Wamemzika bibi mmoja, Febronia, wa huko mbugani. Kafa juu ya dungu. Kafa kwa homa na baridi, wala maji hayakumgusa. Mjukuu wake kakaa na maiti mpaka Jumapili adhuhuri walipomtoa. Na unajua walimkutaje? Kamfunga bibi yake kwa kanga kwenye nguzo, eti asiporomoke."

Aneth alikuwa ameshika sahani ya wali. Aliiweka chini kabla haijamponyoka.

"Mjukuu… ni mzee?"

"Mjukuu gani mzee? Binti wa kidato cha kwanza. Justa anaitwa. Una nini wewe? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Alitoka nje akasimama uani kwenye matope. Alijaribu kujiambia kanga wanafungia watu wengi, madungu ni mengi, mafuriko ni ya bonde zima. Wapi! Alijua. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na wake ulikuwa umetumbuka. Akafungua Kinu, akasoma tena yale maneno yake mazuri, na kila neno sasa lilikuwa linamtazama. Chini yake Wiliam alikuwa ameandika kwamba kuna gazeti la watoto linaomba kuichapa hadithi ile.

Asubuhi alimwambia mama yake kwamba naye atakwenda kusaidia. Balbina alishangaa, akafurahi, akambebesha furushi la nguo. Njiani Aneth alikuwa anapanga la kusema. Kwanza alipanga kumvuta binti pembeni, amwombe radhi, ampe chochote, yaishe hapo hapo bila watu kujua. Ndivyo tulivyo sote, tunataka msamaha usio na mashahidi.

Walipofika uwanja wa shule walikuta watu wamekusanyika mbele ya darasa, na sauti ya mwanamume inapaa. Alikuwa Eustaki, mtoto wa marehemu, baba yake Justa. Alikuwa Mahenge kwa mazishi ya shemeji yake maji yalipokuja; barabara ilikatika, na alipofika Ifakara mama yake alikuwa ameshazikwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Mbele yake alisimama mtu mrefu mwenye koti la mvua lililopasuka, mikono nyuma, kichwa chini.

"Huyo ni Masalu," Balbina alimnong'oneza. "Msukuma wa ng'ombe, ndiye mwenye mtumbwi. Ndiye aliyewatoa."

"Ulipita pale Jumamosi!" Eustaki alikuwa anasema. "Umekiri mwenyewe. Ukamwona mama yangu mgonjwa, ukaondoka na mtumbwi wako. Mtu gani wewe?"

"Kaka Eustaki, nimewaita," Masalu alisema polepole. "Nimesema, mama, shukeni, nafasi ipo, mnatosha wote wawili. Bibi alitaka. Alishanyoosha mkono. Mtoto akasema hapana, tunafuatwa, anakuja mtu kutuchukua. Mimi nikajua ni wewe unakuja na mtumbwi. Nikaenda kwa wengine waliokuwa wanalia juu ya miti. Ningejua, ningewabeba kwa nguvu."

"Nifuate na nini? Mimi niko Mahenge, nina mabawa?"

"Waliangalia ng'ombe zao kwanza hao," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

"Ndiyo zao," akadakia mwingine. "Mbuga yenyewe wameimaliza."

Watu wakaguna. Uguno ule Aneth aliufahamu, ule wa watu wanaotafuta mahali pa kuweka msiba wao. Masalu hakubisha. Alifuta uso kwa kiganja. Kumbe mtu anaweza kuokoa roho za watu kwa siku nzima, halafu akasimamishwa kama mwizi wa kuku.

"Na nani alimwambia mtoto anafuatwa?" Balbina aliuliza kwa sauti. Hakuwa mtu wa kukaa na swali tumboni. "Mmemuuliza mwenyewe?"

"Anasema mtu wa kwenye simu," Eustaki alijibu kwa hasira. "Mtoto ana homa, mama, anaweweseka. Simu ya bibi yake haikuwa na salio, angempigia nani?"

Binti alikuwa amekaa kizingitini, amevaa gauni la msaada linalompwaya, simu yenye kioo kilichopasuka mapajani. Mdogo, mweusi, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Aneth akakumbuka: nimerusha mawe mpaka mkono umevimba. Yule mzee mseja mwenye ndevu alikuwa huyu.

Bado angeweza kunyamaza. Hilo alilijua, na alilifikiria, na nadhani ndilo lililomwumiza zaidi baadaye, kwamba hata pale alilifikiria. Hakuna aliyemjua. Masalu angeondoka na laana yake, watu wangesahau kidogo kidogo. Alimtazama Masalu akitazama matope. Akaliweka furushi chini, akasogea mbele.

"Shikamoo baba," alisema.

Eustaki akageuka. "Marahaba. Nini?"

"Mwacheni huyu baba. Ni mimi niliyemwambia asishuke."

Balbina alimshika mkono. "Aneth! Unasema nini wewe?"

"Ni mimi, mama. Aliniandikia kwenye blogu. Alisema maji yamepita kipago cha pili, bibi ana homa, washuke au wakae. Nilidhani anacheza. Nikamjibu asishuke. Nikamwambia mtu yeyote akimwita, aseme anafuatwa." Akamgeukia Eustaki. "Sikumtuma mtu yeyote. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikwenda kulala."

Eustaki alimtazama kama mtu aliyeelezwa jambo kwa lugha ya mbali. "Ulidhani anacheza," alisema mwishowe. "Mama yangu anakufa, unadhani ni mchezo." Hakumpiga. Aneth alitamani ampige. Alimwacha pale pale, akamwendea Masalu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na wote wawili wakawa wanalia. Balbina alikaa chini kwenye matope na kitenge chake kizuri, kiganja juu ya kinywa.

Justa alikuwa amesimama. Alikuja taratibu mpaka mbele ya Aneth.

"Shikamoo dada," alisema, kwa kuwa alilelewa vizuri na bibi yake. "Ndiyo wewe wa Kinu?"

Aneth hakuweza kuipokea ile shikamoo. Alitikisa kichwa kukubali.

"Mimi si mtoto. Najua Mwanaradi ni katuni." Alisema hivyo kwa haraka, kama anayejitetea. "Dakika zilikuwa zimeisha, bando ndilo lililobaki. Baba ana kitochi tu, hakina intaneti. Nikaona wewe uko Ifakara, ni mtu mzima, nilishaona mashine yako ya kopi kwenye picha, na nyuma yake duka la Kibaoni. Nikajua ukisoma utatuma mtu mwenye mtumbwi. Bibi alisema twende na Masalu. Mimi nikamkatalia. Nikamwambia, bibi, dada amesema anakuja, tukiondoka atatukosa."

"Justa, nisamehe," Aneth alisema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Binti alikuwa na jambo lake aliloanza nalo, na alitaka kulimaliza. Akaigeuza ile simu, akamwonyesha. Kwenye kioo kilichopasuka ulikuwa ukurasa wa Kinu, ule wa Jumapili.

"Mbona uliandika umefika?"

Aneth aliishika simu kwa ncha za vidole.

"Usiku nilikuwa nimezima simu ili chaji isiishe," Justa alisema. "Asubuhi nikawasha, nikasoma Nimefika. Nikasimama. Nikaangalia huku, nikaangalia na huku, nikaita, maji tu. Nikasema labda yuko nyuma ya miti, mtumbwi haujaonekana. Nikainama nikamtikisa bibi, nimwambie aamke, wamefika."